Nani Anasema, kwa Nani, Ili Iweje? Historia ya Uchanganuzi wa Matini Zisizo za Kifasihi katika Mitihani ya Kiingereza

Kila mwaka, mwezi wa Mei na tena mwezi wa Novemba, wanafunzi wa mtaala wa International Baccalaureate, wakiwamo wa Dar es Salaam, Moshi na Nairobi, hufunua karatasi ya kwanza ya mtihani wa Kiingereza, lugha na fasihi, wakakuta maandishi wasiyowahi kuyaona. Si shairi, si tamthilia, wala si sura ya riwaya. Pengine ni tangazo la shirika la hisani linaloomba michango. Pengine ni tahariri ya gazeti, katuni ya kisiasa, ukurasa wa mwongozo wa watalii au hotuba ya kiongozi. Chini yake pana swali moja la kuongoza. Mtahiniwa wa ngazi ya kawaida hupewa saa moja na robo aichanganue matini moja; wa ngazi ya juu hupewa saa mbili na robo kwa matini mbili. Kila uchanganuzi una alama 20. Hatakiwi kufupisha alichosoma, wala kusema kama kimempendeza. Anatakiwa aeleze jinsi maandishi yale yanavyofanya kazi: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini kwake, na anakitafuta kwa mbinu zipi.

Mtihani wa namna hii huweza kudhaniwa kuwa zao la zama hizi za intaneti na matangazo yasiyokoma. Sivyo. Chimbuko lake ni la zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na katika muda wote huo wamekuwapo watu wawili wa kuangaliwa. Wa kwanza ni mtunzi: msemaji wa barazani, karani wa ofisini, mwandishi wa barua za bwana wake. Wa pili ni mlengwa: mpiga kura, mnunuzi, kijana anayeitwa vitani, yaani yule ambaye maandishi yametungwa ili yamgeuze nia. Kwa karne nyingi shule ilimfundisha mtunzi na mtihani ukampima mtunzi. Mlengwa hakuwa na darasa. Jinsi alivyopata darasa lake, na jinsi Afrika Mashariki ilivyorithi mitihani hii ikiwa bado ni nusu, ndiyo habari ya makala haya.

Mwanzo ni Athens, karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo. Katika mji ule raia aliyeshtakiwa alilazimika kujitetea mwenyewe mbele ya mamia ya raia waamuzi, na mambo ya vita na kodi yaliamuliwa kwa kura za waliosikiliza hotuba. Ulimi ulikuwa mali na silaha. Ndipo wakatokea walimu waliofundisha usemaji kwa malipo, na waandishi waliowatungia wengine hotuba za mahakamani. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alikusanya maarifa hayo katika kitabu chake kuhusu balagha. Aligawa hotuba kwa mahali na kusudi: ya baraza, inayoshauri litakalofanywa, ya mahakama, inayobishania lililokwisha kufanyika, na ya sherehe, inayosifu au kulaumu. Kisha akataja njia tatu za kushawishi, nazo ni hadhi ya msemaji, hisia za msikilizaji na uzito wa hoja yenyewe. Tayari hapo pana msemaji, hadhira na lengo. Lakini maarifa hayo yalimlenga hasa yule atakayesimama kusema. Aliyekaa chini kusikiliza hakufundishwa kujihami.

Urithi huo uliingia shuleni kwa njia ya mazoezi. Katika karne ya 4 baada ya Kristo, Aphthonius wa Antiokia aliandika mfululizo wa mazoezi 14, kuanzia kusimulia hekaya hadi kutetea na kupinga sheria, na kitabu chake kikatumika katika shule za Ulaya kwa zaidi ya miaka 1,000. Ulimwengu wa Kiarabu nao ulikuza elimu yake ya balagha, na mmoja wa wakuu wake, Abd al-Qahir al-Jurjani aliyefariki mwaka 1078, alifundisha kwamba uzuri wa kauli hautoki katika neno moja moja, bali katika mpangilio wa maneno na uhusiano wao. Neno hilo balagha lilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na elimu ya Kiislamu, na ndilo tunalolitumia hata leo tunapozungumzia ufundi wa ushawishi.

Zama za kati za Ulaya zilihamisha uzito kutoka kwenye hotuba kwenda kwenye barua. Wafalme, maaskofu na miji ya biashara walitawala kwa waraka, na aliyejua kuuandika alikuwa na kazi ya uhakika. Mwishoni mwa karne ya 11, Alberic, mtawa wa Monte Cassino nchini Italia, aliandika juu ya sanaa ya kutunga barua. Karne iliyofuata walimu wa Bologna waliikamilisha. Barua ikapewa viungo vitano: salamu, maneno ya kuvuta radhi ya msomaji, maelezo ya jambo, ombi na hitimisho. Salamu ilipimwa kwa cheo cha anayeandika na cha anayeandikiwa, na kuikosea kulikuwa ni utovu wa adabu. Mwanafunzi wetu anayefundishwa leo mahali pa kuweka anwani, mtajo, kichwa cha habari na tamati ya barua rasmi anafuata nyayo za makarani hao. Waliacha fikra iliyodumu kuliko Kilatini chao, kwamba kila aina ya maandishi ina umbo lake, na umbo hilo ni sehemu ya maana yake.

Mwaka 1476 William Caxton alisimamisha mtambo wa kuchapa huko Westminster, na maandishi yakaanza kumfikia msomaji ambaye mtunzi hakumjua kwa sura. Kwa muda mrefu serikali ya Uingereza iliyabana kwa leseni. Sheria ya leseni ilipoachwa ikome mwaka 1695, mlango ukafunguka: gazeti la kila siku, Daily Courant, likatoka London mwaka 1702, na jarida la Spectator likafuata mwaka 1711. Magazeti yaliishi kwa habari na pia kwa matangazo ya dawa, vitabu, nyumba na bidhaa za mbali. Safu za matangazo za magazeti hayo zilitangaza hata wanadamu waliouzwa na watumwa waliotoroka. Mwezi Januari 1759 Samuel Johnson aliandika insha nzima juu ya matangazo, akaonyesha jinsi yanavyoishi kwa kuahidi makubwa. Hapo msomaji makini alikuwa amelitazama tangazo kama kitu cha kuchunguzwa.

Darasani pia palikuwa na hatua, ndogo lakini ya kukumbukwa. Mwaka 1762 Hugh Blair alipewa uprofesa wa balagha katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mihadhara yake ikachapishwa mwaka 1783. Katika mihadhara kadhaa alichukua makala za Joseph Addison kutoka katika Spectator, akazipitia sentensi baada ya sentensi, akieleza kwa nini neno hili limetangulia, wapi urefu wa kauli umesaidia na wapi umedhuru. Aliyekuwa akisomwa hivyo hakuwa mshairi wa kale bali mwandishi wa jarida. Hata hivyo Blair hakuuliza makala ilitaka kumfanya nini msomaji. Aliuliza kama imeandikwa vizuri, ili vijana wa Scotland nao waandike vizuri, wakapate nafasi zao katika dola iliyokuwa ikipanuka.

Dola hiyo ndiyo iliyouzaa mtihani. Hadi katikati ya karne ya 19, kazi za serikali ya Uingereza zilipatikana kwa kujuana. Mwaka 1854 ripoti ya Stafford Northcote na Charles Trevelyan ilipendekeza makarani wachaguliwe kwa mtihani wa wazi, na mwaka 1855 Tume ya Utumishi ikaundwa. Mwaka huohuo nafasi za utumishi wa India zikaanza kushindaniwa London kwa mtihani. Mambo ya makoloni yaliendeshwa kwa majalada. Waziri hakuwa na muda wa kusoma barua 20 kutoka Calcutta. Alihitaji mtu wa kumpa kiini chake katika ukurasa mmoja, bila kuongeza wala kupotosha. Kwa sababu hiyo zoezi la kufupisha barua za serikali likaingia katika mitihani ya utumishi, na kutoka huko likashuka hadi shuleni. Ufupisho ambao vizazi vya wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania wameutolea jasho una asili ya ofisi ya dola. Ulikuwa mtihani wa uaminifu: karani alipimwa kwa jinsi alivyojiondoa yeye mwenyewe katika maneno aliyoyabeba.

Wakati huo mitihani ya shule nayo ilienea. Mwezi Desemba 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kiliwatahini watoto wapatao 370 katika miji ya Uingereza, na kufikia mwaka 1863 mtihani huo ulikuwa umevuka bahari hadi Trinidad. Kwa watoto wa maskini ilikuwapo amri ya mwaka 1862, chini ya Robert Lowe, iliyofanya ruzuku ya shule itegemee watoto wangapi wamefaulu mbele ya mkaguzi. Ngazi zake za kusoma zilikuwa sita, na kilele chake, ngazi ya sita, kilikuwa aya fupi ya kawaida ya gazeti au masimulizi mengine ya kisasa. Hivyo basi gazeti lilikuwa tayari ndani ya mtihani wa Kiingereza miaka zaidi ya 160 iliyopita. Ila mtoto alitakiwa aisome aya ile kwa sauti, na nyingine aiandike kwa imla. Akiisoma bila kujikwaa, shule ililipwa. Kama habari ilikuwa ya kweli, kama ilimpendelea tajiri au ilimdharau mgeni, halikuwa swali la mtu yeyote katika chumba kile.

Kisha wasomaji wakawa wengi mno kupuuzwa. Ushuru wa stempu uliofanya magazeti kuwa ghali uliondolewa mwaka 1855. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ikajenga shule kila upande. Na mwaka 1896 Alfred Harmsworth akaanzisha Daily Mail, gazeti la nusu peni lililolenga watu ambao wazazi wao huenda hawakuweza kusoma. Mwaka 1914 vita vikaja, na mabango ya kuandikisha askari yakaonyesha uwezo wa picha moja na sentensi moja kumpeleka kijana kaburini. Lilikuwapo bango la mwaka 1915 lililomchora baba amekaa kitini, binti yake akimuuliza alifanya nini vitani. Halikutoa amri yoyote. Liliuliza tu, na aibu ikafanya kazi iliyobaki. Baada ya vita watu wakatambua kwamba kufundisha umma kusoma bila kuufundisha kupima unachosoma ni kuuweka wazi kwa kila mwenye mtambo wa kuchapa. Kamati ya Henry Newbolt iliyochunguza ufundishaji wa Kiingereza mwaka 1921 iliiona fasihi kuwa dawa: mtoto akizoea kilicho bora, kibaya hakitampata.

Cambridge ndiko jibu la pili lilikotungwa. I. A. Richards aliwagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya walioyatunga, akakusanya maoni yao, na mwaka 1929 akachapisha matokeo katika kitabu cha Practical Criticism. Wasomi wale wa chuo kikuu mashuhuri walisoma vibaya. Walijibu wakitumia mazoea na hisia zilizokuwa tayari mifukoni mwao. Kutokana na jaribio hilo ulizaliwa utaratibu wa kumpa mtahiniwa matini ngeni na kumtaka aisome kwa makini bila msaada. Mwaka 1933 F. R. Leavis na Denys Thompson walivusha utaratibu huo mpaka. Kitabu chao, Culture and Environment, kilikuwa cha shule, na kilijaa mazoezi juu ya matangazo: mwanafunzi aulizwe linamlenga nani, linachokoza hofu gani, linamuuzia nini zaidi ya sabuni. Upande wa pili wa Atlantiki, taasisi ya kuchambua propaganda ilianzishwa New York mwaka 1937 na kuorodhesha mbinu saba za propaganda ili shule zizifundishe; ilifungwa mwaka 1942, nchi ikiwa vitani. Huu ndio mgeuko mkubwa wa historia yetu, kwani kwa mara ya kwanza mlengwa alikuwa na mwalimu. Lakini mtihani haukumfuata mwalimu huyo. Cheti cha shule cha Uingereza kiliendelea kudai insha, ufahamu na ufupisho.

Mtihani huo wa zamani ndio uliokuja kwetu. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilihitaji makarani, walimu, wakalimani na wauguzi, na shule chache za sekondari zilielekezwa kwenye cheti cha Cambridge. Kijana wa Tabora, Kampala au Kikuyu aliandika barua ya kuomba kazi kwa mwajiri wa kubuni, akafupisha kifungu kwa idadi ya maneno aliyopangiwa, akajibu maswali ya ufahamu juu ya mambo ya Ulaya. Nje ya darasa alizungukwa na maandishi yenye nia. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na idara ya elimu ya Tanganyika, lilisomwa mbali na kwa hamu. Lilibeba maarifa mengi ya manufaa, na lilibeba pia sauti ya serikali. Palikuwa na matangazo ya kodi, ya kilimo, ya mkonge na migodi, na wito wa vita vya mwaka 1939. Mtihani haukumuuliza kijana yule sauti hiyo ilikuwa ya nani. Haikuwa bahati mbaya. Swali hilo lingeitingisha meza ambayo mtihani wenyewe uliwekwa juu yake. Waliolijifunza walijifunzia kwingine, katika vyama, katika mikutano ya hadhara na katika magazeti ya Waafrika wenyewe.

Katika miaka ya 1950 na 1960 elimu ya kumlinda mlengwa ilipata zana kamili. Tarehe 22 Septemba 1955 televisheni ya kibiashara ilianza Uingereza, na tangazo la kwanza likawa la dawa ya meno. Mwaka 1957 vitabu viwili vilitoka: nchini Ufaransa Roland Barthes alichambua mieleka, sabuni na picha za magazeti kama hadithi ambazo jamii inajisimulia, na nchini Uingereza Richard Hoggart alichunguza magazeti na majarida ya tabaka la wafanyakazi lililomlea. Mwaka 1964 Hoggart alianzisha kituo cha utafiti wa utamaduni huko Birmingham, na Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaica, akaja kukiongoza. Mwaka huohuo Michael Halliday na wenzake walieleza kwamba lugha hubadilika kulingana na jambo linalozungumzwa, uhusiano wa wanaozungumza na njia inayotumika. Geoffrey Leech akaandika juu ya Kiingereza cha matangazo mwaka 1966. David Crystal na Derek Davy mwaka 1969 wakaonyesha jinsi ya kuchambua lugha ya gazeti, ya ibada, ya hati za sheria na ya mazungumzo. Leavis alilitazama tangazo kama adui wa utamaduni. Hawa walilitazama kama matini yenye kanuni zake, inayostahili subira ileile anayopewa mshairi.

Afrika Mashariki ilikuwa ikijipatia mitihani yake wakati huohuo. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na mwaka 1973 ikaunda baraza lake. Kenya ikaunda lake mwaka 1980, Uganda mwaka 1983. Bendera zilibadilika kwenye jalada la mtihani, lakini ufahamu, ufupisho na barua vilibaki mahali pake, kwa sababu mataifa mapya nayo yalihitaji watumishi wa kuandika. Jambo moja lilikwenda njia yake, nalo linastahili kutazamwa kwa fahari. Fikra ya akina Halliday ilipokelewa na wataalamu wa Kiswahili, ikapewa jina la rejesta, au sajili, na kuwekwa ndani ya isimu jamii. Leo mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya, katika karatasi ya pili ya Kiswahili, huweza kupewa kipande cha mazungumzo ya hospitalini, mahakamani au ya mtangazaji wa mpira, akatakiwa aitambue sajili na kuithibitisha kwa sifa za lugha. Maswali hayo yana alama 10 tu, lakini ni uchanganuzi halisi wa matini zisizo za kifasihi, unaofanywa kwa Kiswahili na watoto ambao wengi wao hawatapata kuiona karatasi ya mtaala wa kimataifa.

Katika nchi za Magharibi mtihani wa Kiingereza ulibadilika hatimaye katika miaka ya 1980. Ripoti ya Alan Bullock ya mwaka 1975 ilikuwa imesisitiza lugha kama shughuli ya maisha yote. Mwaka 1980 Marekani ilianza mtihani wa AP (Advanced Placement) wa lugha ya Kiingereza na utungaji, ambamo mwanafunzi huchanganua balagha ya barua, hotuba na makala. Tangu mwaka 2007 anapewa pia hati kadhaa pamoja, zikiwamo picha au chati, azipime na kuzitumia kujenga hoja yake. Mapema katika miaka hiyo ya 1980 bodi za Uingereza zilianzisha somo la lugha ya Kiingereza katika ngazi ya A, tofauti na fasihi. Nyuma ya mitihani hii palikuwa na wasomi walioitazama sarufi kwa jicho la kisiasa. Roger Fowler na wenzake mwaka 1979, kisha Norman Fairclough mwaka 1989, walionyesha kwamba gazeti likiandika kuwa waandamanaji wameuawa, bila kumtaja aliyeua, muundo wa sentensi umekwisha kumficha mtu. Mwaka 1996 Gunther Kress na Theo van Leeuwen wakafundisha kusoma picha kwa utaratibu kama huo: kilichowekwa juu na kilichowekwa chini, anayemtazama msomaji machoni na anayeangalia pembeni.

Karne ya 21 iliikuta elimu hii tayari, na mara ikaipa kazi. Upimaji wa kimataifa wa PISA ulioanza mwaka 2000 ulihesabu fomu, ramani, chati na matangazo kuwa maandishi ya kusomwa sawa na aya. Mtaala wa International Baccalaureate ulianzisha kozi ya lugha na fasihi mwaka 2011, mitihani yake ya kwanza ikafanyika mwaka 2013. Toleo lililofuata, lililoanza kutahiniwa mwaka 2021, ndilo lililoiweka matini isiyo ya kifasihi katika karatasi ya kwanza kama tuionavyo leo. Uingereza ilikuwa na tahadhari zaidi. Mtihani wake mpya wa sekondari uliofanyika kwanza mwaka 2017 ulidai maandishi ya karne ya 19, ya 20 na ya 21, yakiwamo ya wanahabari, lakini ukakataza yale ya kupita, kama habari za papo kwa papo. Na PISA ya mwaka 2018 ilipowataka vijana wa miaka 15 watenganishe ukweli na maoni kwa dalili zisizo wazi, walioweza hawakufikia hata mmoja kati ya kumi katika nchi wanachama wa OECD, shirika linaloendesha upimaji huo.

Ili thamani ya kazi hii ionekane, tuchukue ujumbe mfupi wa simu wa aina tunayoifahamu sote, unaosema: «Hongera! Umechaguliwa kupata mkopo hadi 200,000. Nafasi inaisha leo usiku. Bonyeza hapa.» Msomaji wa mwaka 1862 angeusoma kwa sauti. Karani mwenye cheti cha Cambridge angeufupisha: mkopo unatolewa, mwisho leo. Mchanganuzi huanza mahali pengine. Neno la kwanza linampa mtu pongezi, kana kwamba deni ni ushindi. Kitenzi «umechaguliwa» kimejengwa ili mchaguzi asionekane, wala kigezo alichotumia. Neno «hadi» limeiweka namba kubwa machoni, huku likibakiza ruhusa ya kutoa ndogo. Kikomo cha usiku kinamnyima msomaji muda wa kuuliza jamaa zake. Nafsi ni ya pili umoja, kama rafiki anayenong'ona, ingawa ujumbe umetumwa kwa maelfu. Na kilicho kizito kuliko vyote hakimo: riba. Wazee walitufunza kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo lilikuwa fundisho la mlengwa, lililotolewa bila mtambo wa kuchapa. Darasa linaongeza uwezo wa kuonyesha, neno kwa neno, jinsi kinavyojitembeza.

Hatari ipo pia, nayo ni ya zamani. Kila maarifa yakiingia katika mtihani huelekea kugeuka orodha. Kama mazoezi ya Aphthonius yalivyoweza kukaririwa, ndivyo mwanafunzi wa leo anavyoweza kutaja takriri, swali la balagha, rangi nyekundu na hadhi ya msemaji, kila moja na mstari wake, asiseme hata mara moja matini ilitaka nini na kwa nini. Anayetaja majina ya zana bila kueleza nyumba iliyojengwa bado ni karani, ingawa karatasi imebadilika.

Hapa kwetu nusu mbili za historia hii zinaishi pamoja bila kuunganishwa. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza nchini Kenya, swali la kwanza, lenye alama 20, ni la utungaji wa kiuamilifu: barua, ripoti, kumbukumbu za mkutano, tangazo. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili nayo huanza na swali la lazima la namna hiyo. Kidato cha nne cha Tanzania kinadai ufahamu na ufupisho. Si mambo ya kudharau. Aliyeshindwa kuandika barua ya malalamiko amenyimwa haki yake kabla ya kufika ofisini, na asiyeweza kufupisha ripoti hawezi kuijadili. Lakini mtoto anayefundishwa kutunga tangazo, asifundishwe kulitilia shaka, amepewa ufundi wa mtunzi akabakizwa na udhaifu wa mlengwa. Madaraja ya kuvukia yapo tayari: balagha ambayo ni neno letu kwa karne nyingi, sajili ambayo watoto wetu wanatahiniwa kwa lugha yao, na mwalimu yeyote mwenye gazeti la jana.

Mtoto wa mwaka 1862 alisimama mbele ya mkaguzi akiwa ameishika aya ya gazeti, akaisoma vizuri, akaketi. Mjukuu wa vitukuu vyake ameketi Moshi na aya nyingine mbele yake, kalamu mkononi, na saa imeanza kuhesabu. Maneno mengi ya ukurasa ule huenda yule wa kwanza angeyasoma bila kujikwaa. Tofauti ni kwamba huyu wa pili ameruhusiwa kuuliza nani ameyaandika, na atapata alama kwa kuuliza.